Daktari asiye na daktari: David Livingstone na meno yake

Watu wa Kigoma wanamjua David Livingstone kwa jiwe la kumbukumbu la Ujiji na kwa salamu maarufu aliyopewa na Stanley. Wachache wanajua kwamba mzee yule aliyetoka nje kumpokea mgeni wake alikuwa karibu hana meno ya mbele. Safari hii tumeamua kusimulia maisha yake kwa kupitia kinywa chake.

Sababu tunayo. Huku kwetu nyanda za juu, Kasulu na Kibondo, jino ni ugonjwa unaofichwa. Kijana hujifunga kitambaa shavuni, humeza vidonge viwili alivyopewa na mwenzake, husema ni homa tu. Akifika hospitali mara nyingi hung'olewa, maana ndiyo tiba inayopatikana kwa wepesi. Wachache waliobahatika kupata tiba ya mzizi, ile ya kusafisha na kuziba ndani ya jino bila kuling'oa, hurudi na swali moja: mbona bado linauma? Tumeona tumjibu kijana huyo kwa kupitia maisha ya mtu aliyeumwa jino mkoa huuhuu na ng'ambo ya ziwa letu, akiwa daktari mwenye cheti, lakini hana wa kumtibu.

Livingstone hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mprotestanti aliyetumwa na London Missionary Society. Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba karibu na Glasgow, Uskoti, na familia nzima iliishi katika chumba kimoja. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi kiwandani, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha akaenda shule ya jioni. Kwa sehemu ya mshahara wake wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. (Waseminari wetu wanaolalamikia Kilatini walitafakari hilo.) Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari Glasgow, na mwaka 1840 akapata leseni yake.

Udaktari wa siku zile ulikuwa wa mikono yenye nguvu na mgonjwa aliyeshikiliwa. Dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu haikuwepo. Ilionyeshwa hadharani Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, na aliyeionyesha, William Morton, alikuwa daktari wa meno. Wakati huo Livingstone alikuwa tayari kusini mwa Afrika kwa miaka mitano. Ganzi ya kuchoma mahali pamoja tu, kama tunavyochomwa leo kwenye ufizi, ilianza mwaka 1884, alipokuwa amekwisha kufa miaka 11. Tukumbuke hilo tunaposoma yanayofuata.

Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia, akamshika begani na kumtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya. Mfupa wa juu wa mkono wa kushoto ulivunjika vipande. Mwalimu Mwafrika aliyeitwa Mebalwe alijaribu kumpiga simba risasi, naye akang'atwa paja, mpaka mnyama akaanguka kwa majeraha aliyokwisha kuyapata. Livingstone aliandika baadaye kwamba alipokuwa mdomoni mwa simba hakusikia maumivu wala hofu, bali usingizi wa ajabu, akaona ni huruma ya Muumba kwa viumbe vinavyouawa. Wengi husimulia hadi hapo na kustaajabu. Sisi tunataka kuongeza yaliyofuata: majeraha yaliyotoa usaha kwa majuma mengi, na mfupa uliounganishwa bila daktari mwingine karibu, ukapona vibaya, kukawa na kiungo cha uongo pale ambapo hapakustahili kiungo. Tangu siku hiyo hakuweza tena kuunyanyua mkono ule vizuri. Dakika ya jeraha ilipita bila maumivu, na uponyaji ndio uliouma kwa muda mrefu.

Na hivyo ndivyo ilivyo kwa jino. Mtu aliyekaa kitini kwa daktari akiwa na ganzi hasikii kitu, akatoka anacheka huku mdomo umepinda upande mmoja. Jioni ganzi inaisha.

Miaka ishirini iliyofuata tutaipita haraka, kwa kuwa vitabu vya shule vinaieleza vya kutosha. Alimwoa Mary Moffat mwaka 1845, akavuka Kalahari, akaiona Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, akavuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane. Safari yake ya Zambezi, 1858 hadi 1864, haikufanikiwa, na wenzake walilalamika kwamba alikuwa mgumu kwa wagonjwa, kwani alidhani kila mtu anaweza kuvumilia anachovumilia yeye. Mary alifia Shupanga mwaka 1862. Tunaona lawama ile ina ukweli ndani yake. Mtu aliyezoea kutojihurumia mara nyingi husahau kuwahurumia wengine.

Mwaka 1866 alianza safari ya mwisho, kutafuta chemchemi za mto Nile na kuandika habari za biashara ya watumwa. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi mmoja alitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Kwinini ilikuwa humo. Livingstone aliona kwamba amepewa hukumu ya kifo, na kwa mtu mwenye malaria ya kurudi-rudi hakutia chumvi. Aliendelea kutembea. Huko Lunda njaa ilimkuta, nyama hakuna, unga hakuna, akaishi kwa kuguguna mahindi mabichi kwenye gunzi. Meno yakalegea.

Msomaji wa Kasulu atatabasamu. Mahindi ya kuchoma ni chakula cha barabarani kwetu, na hakuna anayeyaogopa. Lakini mtu anayeyala kila siku bila kitu kingine, mwili ukiwa umedhoofika kwa homa na kuhara, fizi zake hazina nguvu ya kushika jino. Nasi tunadhani uharibifu wa kinywa chake ulikuwa pia uharibifu wa tumbo lake: asiyeweza kutafuna humeza vipande, na utumbo wake ulikuwa tayari mgonjwa.

Mwanzoni mwa 1869 mapafu yalimshika. Hakuweza kutembea. Aliyemwokoa alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, Muhamad bin Gharib, mmoja wa wale ambao biashara yao Livingstone aliilaani. Alimpa chakula na dawa, akaamuru abebwe kitandani hadi ziwani. Alifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Bidhaa zake zilizotangulia zilikuwa zimeibwa sehemu kubwa, na dawa zilikuwa zimebaki Unyanyembe, karibu na Tabora. Hebu tufikiri: mgonjwa amefika mahali alipopangia kupata nafuu, na dawa ziko mwendo wa karibu majuma mawili nyuma ya milima. Wenzetu wa vijiji vya Kibondo wanaoambiwa kwamba mashine ya picha ya jino iko mjini mbali wanaijua hali hiyo vizuri.

Julai 1869 alivuka ziwa kwenda Manyema, leo mashariki mwa Kongo. Ni huko meno yalipoanza kutoka. Alimwandikia binti yake Agnes kwamba yamevunjika kwa kung'ang'ania mahindi na vyakula vigumu, kwamba moja la mbele limekwisha toka na kinywa kimekuwa cha kutisha, na akamtania kwamba akitaka busu la baba itabidi alipokee kupitia tarumbeta. Yaliyolegea aliyang'oa mwenyewe: uzi imara uliofungwa kwa fundo la mabaharia, kisha pigo la ghafula juu ya uzi.

Utani ule tunaupenda, na tunaushuku. Ni baba asiyetaka mwanawe alie. Lakini ni pia mtu anayeyafanya maumivu yake yawe madogo ili asilazimike kurudi nyumbani.

Alipokuwa akijing'oa meno kwa uzi msituni, ufundi wa kuliokoa jino ulikuwa umekwisha anza. Tangu miaka ya 1830 daktari wa meno Edward Maynard wa Marekani alitumia waya mwembamba uliotengenezwa kwa springi ya saa kusafisha ndani ya mzizi, na mnamo miaka ya 1860 mizizi ilianza kuzibwa kwa utomvu mgumu wa mti wa Asia uitwao gutapacha, ambao unatumika mpaka leo. Kinachofanyika ni rahisi kueleza. Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likifika huko, vijidudu huingia, kiini huvimba ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, na ndiyo sababu jino huuma usiku kuliko jeraha la mguu. Baadaye kiini hufa. Mara nyingi maumivu hukoma ghafula, na mgonjwa hudhani amepona, kumbe usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi. Daktari hutoboa, hutoa kiini, husafisha mifereji ya mizizi, huijaza na kuziba.

Sasa, mbona bado linauma ikiwa mshipa umetolewa? Kwa sababu jino halikupandwa mfupani kama msumari ukutani. Limeshikwa na nyuzi laini kuzunguka mzizi, na nyuzi hizo ziko hai, zina hisia, na zimevimba kwa ugonjwa wenyewe na kwa kazi iliyofanywa. Unapong'ata, unazikandamiza. Maumivu haya huwa makali zaidi siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua, na kwa wengi ndani ya juma moja yamekwisha au yamebaki kidogo wakati wa kutafuna. Tofauti na yale ya mwanzo ni kwamba haya yanakwenda yakishuka. Kijana akijua hilo, usiku wa pili haumtishi.

Tunayoyasema kwa vijana wetu ni haya. Usile kabla ganzi haijaisha, utajing'ata ulimi bila kujua. Tafuna upande wa pili. Uji, ndizi za kupika, maharage yaliyoiva vizuri na ugali laini vinatosha, na mahindi ya kuchoma na miwa viache mpaka jino lizibwe kwa kizibo cha kudumu au kuwekewa kofia, maana jino lisilo na kiini huweza kupasuka, na likipasuka hadi mzizi halina dawa ila kung'olewa. Piga mswaki kama kawaida, polepole. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Chumvi kwetu haikuwa shida kamwe. Chemchemi za Uvinza ziliwalisha Waha na majirani zao chumvi karne nyingi kabla ya Livingstone kupita. Dawa ya maumivu iwe ile aliyosema daktari, kwa kipimo alichosema. Parasetamoli inafaa wengi. Ibuprofeni hutuliza pia uvimbe, lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasiitumie bila kumuuliza daktari. Usiweke tumbaku, spiriti wala maji ya betri kwenye jino, hata kama babu wa jirani anaapa. Na antibiotiki zilizobaki za ndugu yako haziponyi jino.

Dalili za kukimbilia hospitali hazisubiri asubuhi: uso au shingo kuvimba, homa, kushindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua kwa shida. Maumivu yanayopanda baada ya siku ya tatu badala ya kushuka, nayo yanakurudisha kwa daktari. Na tiba hii mara nyingi ni ya kurudi zaidi ya mara moja. Wengi huikatiza kwa sababu kizibo cha muda kimewapa nafuu na nauli ya kwenda tena ni nzito. Mzazi anayesoma haya tunamsihi aihesabu nauli ya pili tangu mwanzo.

Turudi Manyema. Julai 1870 Livingstone alirudi Bambare akiwa na vidonda vya miguu vilivyomweka ndani kwa takriban siku 80. Dawa hana. Akasaga jiwe la kijani la shaba, malakiti, kwa maji, na kupaka vidondani kwa unyoya. Aliona ndicho kitu pekee kilichosaidia. Alisoma Biblia yote mara nne akiwa Manyema. Hapo tunamwona alivyokuwa mgonjwa mwema: ametulia kwa lazima, ameangalia kinachosaidia na kisichosaidia, ameandika, amengoja. Lakini miguu ilipopona alisonga mbele hadi Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akashuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwamiminia risasi wanawake sokoni. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine mtoni. Ndiyo iliyomvunja, si meno. Alirudi Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda kama mifupa, na bidhaa mpya alizotumiwa zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Henry Morton Stanley alikuwa njiani. Alivuka Malagarasi na kuingia nchi ya Waha, nyanda zilezile ambazo sehemu yake leo ni Kasulu, na kila mtawala alidai hongo. Stanley aliandika kwa hasira, lakini ardhi ilikuwa yao na ushuru ulikuwa sheria yao. Alipoambiwa kwamba mbele wapo wengine tena wa kulipwa, alimlipa kiongozi wa njia, akapita usiku kimyakimya. Kwa hesabu ya tarehe zake mwenyewe alifika Ujiji tarehe 10 Novemba 1871.

Kilichomponya Livingstone siku zile kilikuwa chakula, habari za nyumbani, na mtu wa kuzungumza naye. Alianza kula mara nne kwa siku. Stanley, aliyemchunguza kwa jicho la mwandishi wa habari, aliona kwamba meno yaliyobaki ni machache na mabovu, akasimuliwa yale mahindi mabichi ya Lunda. Lakini kila siku alimwona akiongezeka mwili. Ndani ya majuma machache walikuwa kwenye mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa, wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka.

Stanley alimsihi arudi Uingereza, apumzike, atengenezewe meno, kisha aje tena. Alikataa. Walikwenda pamoja hadi Unyanyembe, wakaagana tarehe 14 Machi 1872. Agosti mwaka ule Livingstone alielekea tena kusini.

Hapa ndipo tunapotofautiana na vitabu vinavyomsifu kwa kila kitu. Kanisa linatufundisha kwamba mateso yanaweza kuunganishwa na msalaba wa Kristo; Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya hilo mwaka 1984, Salvifici Doloris, na sehemu ya mwisho ya barua hiyo inamzungumzia Msamaria Mwema, yaani anayetibu. Msamaria yule alimkuta mtu asiyeweza kukataa. Livingstone aliweza, naye akakataa. Hata Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, shahidi wa karne ya 3 aliyepigwa taya mpaka meno yakavunjika, na ambaye wenye maumivu ya meno humwomba hasa tarehe 9 Februari, hakujichagulia kuvunjwa meno, wauaji walimvunja. Kuvumilia kisichoepukika na kukataa tiba iliyo mbele yako si jambo moja, na mseminari anayeficha jino bovu akidhani anajifunza ukakamavu anapaswa kujiuliza anafanya lipi kati ya hayo.

Alitembea kandokando ya ziwa Bangweulu katika mvua na matope, akitokwa damu tumboni. Mwishoni alibebwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, vijana wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Susi, Chuma na wenzao walimzika moyo chini ya mti wa mpundu, wakamtia mwili chumvi na kuukausha juani, kisha wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi mpaka pwani. Februari 1874 walifika Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu waliupokea kabla haujavushwa kwenda Unguja.

Uingereza walitaka uhakika kwamba ni yeye. Uso haukutambulika tena. Daktari wa upasuaji Sir William Fergusson alipapasa mkono wa kushoto, akakuta kiungo cha uongo katika mfupa wa juu, pale simba alipouvunja miaka 30 nyuma.